Debe la mnunuzi, reli zisizokutana na mifumo isiyosomana

Najua nimekuwa kimya tangu UE iishe, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimekula diski. Hapana jamani, nipo, namshukuru Mungu, na matokeo bado hayajabandikwa. Nilikuwa fildi, nyumbani Sumbawanga, wiki nane nzima, na baridi la mwezi wa saba kule Ufipa si baridi la kukaa unaandika. Usiku unajifunika mablanketi mawili na koti juu. Sasa nimerudi bwenini, mwenzangu wa chumba kalala, nami nimeamua kumwaga yote leo kabla sijasahau. Itakuwa ndefu, wenye usingizi mnisamehe.

Fildi nilifanya kwenye chama kimoja cha wakulima cha kuweka na kukopa, jina nalihifadhi. Chama kina mifumo miwili. Wa kwanza unatunza hisa na akiba za wanachama, ulinunuliwa kwa kampuni moja ya Dar. Wa pili unatunza mikopo ya pembejeo, uliletwa na kampuni nyingine miaka michache baadaye. Kila mmoja ni mzuri tu ukiutazama peke yake. Tatizo ni kwamba haisomani. Kwa hiyo kila Ijumaa mama mhasibu anachapisha orodha ya hisa kutoka kompyuta ya kushoto, halafu anaiingiza kwa vidole kwenye kompyuta ya kulia. Kompyuta mbili, meza moja, na katikati mama wa watu na miwani yake. Nilipofika tu nikakabidhiwa kazi hiyo. Yaani miaka mitatu ya chuo, asaimenti zote zile, halafu nimekuwa waya!

Siku ya tatu mama mhasibu akaniuliza: "Mwanangu, wewe si ndiyo umesomea haya? Mbona hizi mbili haziongei?" Nikamjibu kwa madoido, kwamba kila mfumo una muundo wake wa data, una itifaki zake, na kwamba waliounda hawakutumia viwango vya pamoja. Akanisubiri nimalize. "Sawa, mwanangu. Kwa hiyo haziongei."

"Ndiyo mama, haziongei."

Ningeishia hapo, nikasainiwa karatasi zangu nikarudi chuo, kama si Bibi. Bibi yangu mzaa mama anakaa upande wa Laela na ni mwanachama wa chama hicho miaka mingi. Mwaka huu aliomba mkopo wa mbolea akanyimwa. Sababu: mfumo wa mikopo unaonyesha hisa zake ni sifuri. Kuna mahali, Ijumaa fulani, mtu aliruka mstari. Kompyuta ya kushoto inamjua Bibi hadi senti ya mwisho, ya kulia haijawahi kumsikia. Na maombi yalikuwa yanafungwa mwisho wa mwezi ule. Wanaolima wanajua, ukikosa mbolea kabla mvua hazijaanza mwezi wa kumi na moja, mahindi ya mwaka unaofuata unayahesabu kwa vidole.

Tukaipigia kampuni ya mfumo wa mikopo. Wakasema kiunganishi kinawezekana, wakataja bei, mwenyekiti akakata simu mwenyewe bila kuaga. Tukapiga tena kwa adabu. Safari hii wakaongeza kuwa hata tukilipa, lazima ile kampuni ya kwanza ikubali kutoa maelezo ya namna data yake ilivyopangwa. Kampuni ya kwanza nao wakasema maelezo hayo ni mali yao ya siri. Data ni ya wanachama, hisa ni za wanachama, lakini namna ya kuzisoma ni siri ya fundi. Nililala vibaya siku ile.

Jumapili nikapanda basi kwenda kumwona Bibi. Nilipomaliza shikamoo na kula ugali wake, nikamweleza kwa nini kanyimwa. Nilijitahidi kurahisisha. Bibi akacheka, akasema, "Mjukuu wangu, hilo ni debe la mnunuzi."

Kwa ambao hamkukulia kijijini ngoja nifafanue. Mahindi ya Ufipa yanauzwa kwa debe. Debe lilianza kama kopo la bati la mafuta la lita 20, na lingebaki hivyo pasingekuwa na ugomvi. Lakini mchuuzi anapokuja kijijini na lori huja na debe lake mwenyewe, limegongwa kitako hadi likatuna, na likishajaa anataka kilima juu yake. Bei mmekubaliana kwa debe, ila debe ni la kwake. Ukisema tutumie langu, anawasha lori anakwenda kijiji cha pili. Lumbesa kwenye magunia ni ndugu yake debe hilo: gunia linashonewa kofia juu, mkulima anauza gunia moja na zaidi kwa bei ya moja. Serikali ina sheria ya vipimo na Wakala wa Vipimo ulianzishwa 2002, na kila msimu lumbesa hupigwa marufuku upya, jambo linalokuonyesha jinsi marufuku ya msimu uliopita ilivyoheshimiwa. Mzani ndiyo dawa, kwa sababu kilo haina mwenyewe. Hakuna mchuuzi anayeweza kusema kilo ni ya kwake.

Kwenye programu mambo yamegeuka kidogo, maana huku muuzaji ndiye mwenye lori na debe, na mnunuzi ndiye mkulima. Lakini mchezo ni ule ule, na narudi chuoni nikiwa nimeelewa zaidi kwa Bibi kuliko kwa desa la semista nzima. (Mhadhiri akisoma hapa, nakuheshimu sana mzee.)

Basi nikaanza kufukua historia. Nikakuta sisi Wafipa tumezungukwa na ushahidi wa jambo hili tangu zamani. Chukua ramani uangalie reli. Wajerumani walianza Reli ya Kati pale Dar mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914, na upana kati ya chuma na chuma ni milimita 1,000. Waingereza baadaye wakatoa tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda kwa ajili ya mgodi wa risasi. Ikaja TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, na yenyewe ni milimita 1,067, kwa sababu Zambia na majirani zake wa kusini wanatumia kipimo hicho. Tofauti ni milimita 67. Pima kidole gumba chako, ni kama hapo.

Sasa tazama Sumbawanga. Kaskazini yetu kuna Mpanda, mwisho wa reli ya milimita 1,000. Kusini kuna Tunduma, kwenye TAZARA. Sisi tuko katikati, zaidi ya kilomita 200 kila upande, hatuna hata reli moja. Mpanda ilikuwa ndani ya mkoa wetu wa Rukwa tangu mkoa ulipoundwa 1974 mpaka Katavi ilipojitenga 2012. Na hata leo akitokea mtu na hela ya kujenga kipande cha kupita Ufipa, swali la kwanza litakuwa: kipimo kipi? Ukichagua cha Mpanda, behewa litakwama Tunduma. Ukichagua cha Tunduma, litakwama Mpanda.

Wakubwa waliliona tatizo. Mwaka 1998 pakafunguliwa kituo cha Kidatu, ambako mzigo unatolewa kwenye behewa la reli moja unapakiwa kwenye behewa la nyingine. Kidatu ni kitu kizuri, sikatai, lakini ni mama mhasibu wa reli! Kila kontena lazima linyanyuliwe kwa sababu wajenzi wawili walitumia rula mbili. Na siku hizi tuna SGR ya milimita 1,435, iliyoanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro mwezi wa sita 2024. Najua sababu zake, hicho ndicho kipimo kinachotumika sehemu kubwa ya dunia. Lakini hesabu mwenyewe, nchi moja vipimo vitatu.

Mfano wa kinyume nao upo nyumbani. Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga ulitoka Zambia, ukipita Mbala, kwa sababu gridi ya taifa haikutufikia. Umeme wa nchi nyingine kabisa, na redio ya Bibi iliimba bila kujua imevuka mpaka, kwa kuwa huku na huko masafa ni hezi 50. Ulikuwa unakatika, nakubali, lakini hilo ni somo lingine.

Haya, tuje kwenye kompyuta. Wanaosoma fani nyingine msikimbie.

Programu ya kati ni ile inayokaa baina ya mifumo miwili, inapokea ujumbe huku inaupeleka kule, kama kondakta wa basi la Mbeya anayekubebea kifurushi. Usanifu wa kihuduma ni wazo kwamba kila mfumo utangaze kazi zake kama huduma. Kwa mfano mfumo wa hisa useme, "mimi ukinipa namba ya mwanachama nakupa hisa zake", na mfumo wowote uweze kuomba bila kujua ndani kumejengwaje. Wazo zuri sana. Balaa ni kondakta akiwa na lugha yake ya siri, kwa maana siku ukitaka kubadilisha basi itabidi uhamishe kijiji.

Kundi la OMG lilianzishwa 1989 kutibu ugonjwa huo, na 1991 likatoa CORBA. Kampuni nyingi zilikaa meza moja, karatasi ikasainiwa. Lakini toleo la mwanzo lilieleza programu iombeje huduma, halikueleza ujumbe uwe na umbo gani ukiwa njiani. Matokeo yake ukinunua CORBA ya kampuni hii na CORBA ya kampuni ile, haziongei, na zote zina cheti! Umbo la njiani lilikuja na toleo la 2.0 katikati ya miaka ya 1990, na 1996 Microsoft tayari wakawa na DCOM yao. Kosa lile lile likarudiwa kwenye dunia ya Java na JMS mwaka 1998. Waliafikiana namna ya kumwita kondakta, hawakuafikiana bahasha iweje. Mimi hili ndilo lililonishtua kuliko yote. Nilidhani kuwa na kiwango kunatosha. Kumbe lazima uulize kiwango cha nini. Ukipima mdomo wa debe ukasahau kitako, mchuuzi atagonga kitako.

Kisha ikaja XML mwaka 1998, na mwaka 2000 Microsoft, IBM na wenzao wakapeleka SOAP 1.1 kwa W3C. Safari hii bahasha yenyewe ndiyo iliyokubaliwa, maandishi matupu ambayo hata mimi naweza kuyasoma. Watu walifurahi mapema mno, kwa sababu karatasi ilikuwa na mianya na kila kampuni ikaisoma kwa faida yake. Ndipo 2002 ikaundwa WS-I, kikundi ambacho kazi yake ilikuwa kusema: kiwango ni hicho hicho, ila sote tukisome hivi. Fikiria, kiwango cha kusoma kiwango.

Wakati huo huo kila kampuni ilikuwa inauza "basi" lake la huduma. Mwaka 2005 ukaja mpango wa JBI ili vipande vya basi moja viingie kwenye jingine. IBM na BEA hawakuuunga mkono, wakaenda na mpango wao, SCA. Leo yote miwili imebaki kwenye vitabu. BEA ikanunuliwa na Oracle 2008, Sun nayo ikaingia Oracle 2010, na waliokuwa wameweka mayai yao kwenye kapu moja la fundi wakajikuta wateja wa mtu ambaye hawakumchagua.

Aliyenifurahisha ni mkulima aliyechoka. Ndani ya benki ya JPMorgan Chase kulikuwa na fundi, John O'Hara, ambaye 2003 alianza kuandika AMQP, itifaki ya ujumbe isiyo na mwenyewe, inayoeleza bahasha baiti kwa baiti. Tazama imetoka wapi: kwa mteja. Ikawa kiwango cha OASIS 2012 na cha ISO 2014. Najua JPMorgan si Bibi wa Laela, wana fedha za kumtisha mchuuzi. Lakini kanuni naipenda, kwamba anayepimiwa ndiye alete mzani.

Kwetu Tanzania somo hili tumelipitia sote mikononi, kwenye simu. M-Pesa iliingia 2008, wengine wakafuata, na kila mtandao ukawa kisiwa. Mnakumbuka? Ukimtumia mtu wa mtandao mwingine anapata ujumbe wenye namba ya siri, anatafuta wakala wa mtandao wako, anatoa zote. Kijijini watu walikuwa na laini tatu na simu moja, na betri inafunguliwa kila saa. Bibi laini zake alikuwa anafunga kwenye pindo la kanga, na moja ilifuliwa.

Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakakubaliana, na Vodacom akaingia 2016. Kanuni za pamoja ziliandikwa na kampuni zenyewe zikikaa meza moja, IFC ikisaidia, Benki Kuu ikitazama kwa karibu. Tukashangiliwa dunia nzima, na tulistahili. Ila wanafunzi wa kompyuta angalieni chini ya kapeti: viunganishi vilikuwa vya wawili wawili. Mitandao minne inahitaji viunganishi sita. Mitano, kumi. Ukiongeza benki mkawa 40, ni 780, na kila kimoja kina mkataba wake na fundi wake. Ndiyo maana ikaja TIPS ya Benki Kuu, iliyoanza majaribio 2021, ambapo kila mmoja anajiunga mara moja tu katikati, kwa masharti yale yale. Tigo yenyewe siku hizi inaitwa Yas, tangu 2024. Jina limebadilika, mzani upo pale pale.

Serikalini nako kuna basi la huduma linaloendeshwa na e-GA, na Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 inaipa mamlaka hiyo kazi ya kusimamia viwango. Neno "mifumo isomane" limeshakuwa la jukwaani, kila kiongozi analo. Sawa. Lakini viongozi wakimaliza hotuba, mimi nitauliza la Bibi: debe la nani?

Narudi ofisini nimalizie. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja maombi yafungwe. Nikaanza kuchungulia menyu za kompyuta ya kushoto ambazo hakuna aliyewahi kuzibonyeza, na huko chini kabisa nikakuta inaweza kutoa orodha kama maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato. Sikuamini. Ya kulia nayo inakubali kupokea orodha, ila kwa kiolezo chake tu, na safu zake zimepangwa kwa namna isiyotabirika. Hakuna siri iliyovunjwa, ni milango iliyokuwepo. Nikaandika kiprogramu kidogo, mistari mia na kitu, cha kugeuza hii kuwa ile.

Mara ya kwanza kilikataa karibu wanachama wote. Nikakesha. Kumbe kushoto namba za uanachama zinaanza na sifuri, 00417, na kulia sifuri zimefutwa, 417. Kwa binadamu ni mtu mmoja, kwa mashine ni watu wawili. Nikarekebisha, ikapita, na tukakuta wanachama 41 waliokuwa na hisa kushoto na sifuri kulia. Bibi alikuwa wa kumi na tisa.

Mama mhasibu hakufurahi, alinyamaza. Halafu akasema taratibu kwamba ni yeye ndiye aliyekuwa anaandika, Ijumaa zote hizo, na watu 41 wakamwona mwizi. Sikujua niseme nini. Nilimwambia tu, "Mama, hata mimi wiki ya kwanza niliruka mistari miwili," na ni kweli, niliruka.

Bodi ikakaa Alhamisi. Wakataka kadi za karatasi kama ushahidi, hawakuiamini mashine, na siwalaumu. Bibi alikuja na basi la alfajiri, kadi yake kaifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kikapu. Watu 38 walirudishwa siku ile. Watatu kadi zao hazikuonekana, na nilipoondoka suala lao lilikuwa bado mezani. Bibi mbolea kapata, na aliponisindikiza stendi alinipa karanga za kuchemsha na kuniuliza kama chuoni tunakula.

Kiprogramu nimekiacha pale kwenye kompyuta ya kulia. Niliandika pia kurasa mbili zinazoeleza faili lilivyo, safu kwa safu, sifuri zote, ili atakayekuja fildi mwakani au fundi yeyote wa kampuni yoyote asihitaji kunipigia simu. Nikabandika ukutani kwa gundi. Siku ya kuaga nikakuta mama mhasibu kazibandua, kaziwekea plastiki kwa mpiga chapa wa sokoni, kazirudisha na misumari minne.

Kesho nina kipindi saa moja asubuhi. Usiku mwema.